Tembe Watatu na Mbalamwezi

Chakula cha kuku kilikwisha nyumbani kwangu Kiseke katika juma ambalo mwezi ulikuwa mpevu, na mimi, mtaalamu wa chakula cha mifugo mwenye stashahada, sikuwa nimeinua macho kutazama juu.

Nalisema mapema kwa sababu sipendi mtu mwingine anisimulie. Mtaani kwetu wanalisimulia vibaya. Wanasema kuku wangu walikula banda. Si kweli. Walidonoa lipu tu, tena ya upande mmoja.

Nilitoka kwetu, mwambao wa Mara, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na begi lenye suruali mbili, nikaenda Dar es Salaam kubeba magunia katika kiwanda kidogo cha kusaga chakula cha mifugo. Nilikaa miaka kumi na minne. Nilianza mgongo ukiwa umejaa vumbi la pumba, nikamaliza nikiwa msimamizi wa uchanganyaji, na wale walioniita "mtoto wa dagaa" wakawa wananiita bosi. Stashahada niliisomea katikati ya kazi, likizo zangu zote nikizimalizia chuoni. Sikulipiwa na mjomba wala mfadhili. Nilipochoshwa na joto la pwani nilirudi kanda ya ziwa, nikanunua kiwanja, nikajenga nyumba ya vyumba vinne na banda la kuku mia mbili na hamsini ambalo lina hewa nzuri kuliko nyumba nyingi za watu. Hilo la hewa alilisema bwana mifugo, mimi nalirudia tu. Kisha nikamchukua mama kutoka kijijini aje akae nami. Stashahada iko sebuleni kwenye fremu, juu ya televisheni. Mgeni akikaa hawezi kuikwepa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni bibi mjane mwenye asili ya Ukerewe, mwanamke mfupi ambaye sauti yake inatangulia kufika. Stashahada yangu aliiita "ile picha." Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu anaongeza: "Ile picha yako inasemaje leo, mvua itanyesha?" Nilimzoea. Kusema kweli nilimpenda, maana ndiye mtu pekee pale mtaani aliyekuja kukaa barazani kwetu bila kutaka ushauri wa bure.

Siku moja alikuja akiutaka. Alikuwa amebeba tenga, na ndani ya tenga mlikuwa na tembe watatu wa kienyeji: mmoja mweusi, mmoja mwekundu, mmoja mwenye madoadoa. Walikuwa wazuri, wa miezi mitano hivi, bado hawajaanza kutaga.

"Hawa nakuachia," alisema. "Kwangu kideri kimepita mwaka jana kikabakiza kuku mmoja. Hawa ni watoto wake. Kwako kuna zile dawa za matone."

Nikamwambia nitawachanja siku hiyohiyo.

"Sijamaliza. Mjukuu wangu anaolewa."

Mjukuu huyo namfahamu. Ni mwalimu wa chekechea, msichana mchangamfu aliyelelewa na bibi tangu mama yake alipofariki. Alikuwa akiolewa kisiwani Ukerewe, kwenye familia ya watu wa kanisani, wapole, lakini wenye macho. Na katika ukoo wa bibi, binti haendi kwa mumewe bila kuku wa mbegu. Kuku huyo haliwi wala hauzwi. Vifaranga vyake ni mali ya bibi harusi, wala mume hana neno juu yake. Ila kuna sharti: awe ameshataga nyumbani walau yai moja, wanawake wa nyumbani walione. Kuku asiyewahi kutaga hapelekwi ukweni.

"Wangu mimi alikuwa hajataga," bibi alisema. "Baba yangu alisema aende tu, atatagia njiani. Basi." Akakunja midomo, nikaona hataki kuulizwa.

"Harusi lini?"

"Wiki tano."

Nilimshika mwekundu, nikampima kwa vidole viwili kati ya mifupa ya nyonga kama nilivyofundishwa. "Kwa chakula changu, bibi, wiki tatu nyingi. Nakuahidi kama mtaalamu."

"Usiniahidi kama mtaalamu. Niahidi kama mtoto wa mtu."

Nikamwahidi kwa yote mawili.

Chakula changu nakichanganya mwenyewe. Pumba, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga, chokaa, chumvi kidogo. Sina haja ya kueleza vipimo, ila nitasema kwamba watu wawili wenye mabanda makubwa kuliko langu wamenijia kuviomba. Moyo wa mchanganyiko huo ni dagaa. Kuku wa mayai bila dagaa ni kama fundi bila msumari, anaweza kusimama pale kutwa nzima asijenge kitu. Dagaa nilikuwa namwagiza mama mmoja mfanyabiashara wa Igogo. Nikipiga simu asubuhi, jioni gunia linafika kwa bajaji.

Juma la pili tangu tembe waje, nikakuta gunia la dagaa limebaki tupu, vumbi tu chini yake. Nikampigia.

"Dagaa hakuna, kaka."

"Hakuna kivipi? Ziwa limekauka?"

"Mbalamwezi hii. Mitumbwi iko juu, watu wanashona nyavu. Subiri giza lirudi."

"Mpaka lini?"

"Wewe hesabu." Akacheka. "Si uliniambia ni mtu wa ziwa wewe?"

Nilikata simu nikabaki nimesimama na chepe mkononi. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa gizani, kwa taa: taa inawaita juu, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa, maji yote ni taa, na dagaa hawana sababu ya kukusanyika kwenye ya kwako. Nikiwa mtoto nilijua ukubwa wa mwezi kabla sijajua kusoma saa, kwa sababu siku za mbalamwezi ndizo siku baba alizolala nyumbani, tukala naye, akatukagua daftari. Sasa nilikuwa nimeusahau mwezi kabisa. Dar dagaa walitujia kwenye magunia, wiki baada ya wiki, kutoka kwenye maghala ya watu ambao kazi yao ilikuwa kuukumbuka mwezi kwa niaba yetu. Nilisoma protini ya dagaa kwa asilimia. Hakuna mtihani ulioniuliza wanavuliwa lini.

Nikapanda bodaboda mpaka sokoni Nyamagana. Wafugaji wenzangu, wale ambao hawana fremu sebuleni, walikuwa wameshanunua tangu mwezi ulipokuwa ukucha. Waliobaki walikuwa dagaa wa chini ya gunia. Nilimimina konzi moja kwenye kikombe cha maji nione mchanga unaotuama.

"Unanunua dagaa au unapima udongo wa kujengea?" muuzaji akaniuliza.

Robo ya kikombe ilikuwa mchanga. Nikaacha. Duka la chakula cha mifugo nalo lilikuwa limebakiwa na mifuko ya chakula cha vifaranga tu, wao pia wanasubiri dagaa. Ndipo nikaona, kwenye kona ya duka hilohilo, magunia ya mashudu ya pamba, masalia ya mbegu zilizokamuliwa mafuta.

Hapa ndipo ninapojilaumu, na naomba nieleweke sawasawa: sikukosea kwa kutojua. Mashudu ya pamba yana protini nyingi, na kanda yetu ni nchi ya pamba, yanapatikana mwaka mzima. Wafugaji wa Kisukuma wanawapa ng'ombe na ng'ombe wananenepa. Lakini mbegu ya pamba ina sumu yake ndogo, ambayo tumbo la ng'ombe linaihimili na la kuku halihimili. Kuku wa mayai unampa kidogo sana au humpi kabisa. Nililijua hilo. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Ila nilikuwa nimesimama pale dukani na wenzangu wananitazama, nikajiambia kwamba makatazo yale yameandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kupima. Nikachukua magunia mawili.

Siku ya kwanza kuku walikula. Siku ya pili wakaanza kuchambua, wakimwaga nje ya vilishio wakitafuta kile walichokizoea. Siku ya tatu walikuwa wamesimama kando wakinitazama, na ndipo wakaanza lipu. Kuku mwenye njaa ya protini hana adabu. Akimaliza ukuta anamgeukia mwenzake, anadonoa manyoya ya mkia, na tone la damu likitokea tu, banda zima linajua. Tembe wa bibi walikuwa wageni na wadogo. Nilikuwa nimewatengea kona yao kwa wavu, lakini mwenye madoadoa aliruka akaingia kwa wakubwa. Nilimkuta amejibanza chini ya tangi la maji, nyuma yake hapatazamiki. Nikamtoa, nikampaka dawa, nikamweka kwenye boksi jikoni. Alikufa kabla ya jua kuzama.

Nilimzika nyuma ya choo cha nje. Mama alinikuta nafukia.

"Umemwambia bibi?"

"Nitamwambia."

"Mwambie leo."

Sikumwambia siku hiyo wala iliyofuata. Bibi alikuwa akiita juu ya ukuta kila asubuhi: "Msomi! Mabinti hawajambo?" Nami nilijibu wanaendelea vizuri. Mtu aliyejenga jina lake kwa mikono yake anaona vigumu sana kulibomoa tofali hata moja, na mimi nilikuwa nimejenga kwa miaka kumi na saba.

Baada ya siku chache mama aliniita jikoni. Alikuwa amevunja yai lililokaa kabatini tangu mwanzo wa wiki. Kiini kilikuwa na rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na udongo, kama maji ya bwawa.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Pamba."

Mama akatazama bakuli, akanitazama mimi. "Mimi nadhani nafuga kuku, kumbe nafuga kitenge."

Nilicheka, ndiyo, lakini nilitoka nikaenda kumwaga mashudu yote kwenye shimo la mbolea. Trei zilizokuwa zimepangwa kwa wateja nazo nikazirudisha ndani. Kisha nikakaa kwenye ndoo nje ya banda, nisijue kesho nitawapa nini, na sauti ikaja juu ya ukuta.

"Msomi! Wiki tatu zimetimia leo."

Sijui hata leo ni shetani gani aliyenisimamisha. Nilisema, "Ameshataga, bibi. Yule mwekundu."

Halafu nikasikia ndara zake zinakimbia. Bibi wa miaka sabini na kitu, anakimbia. Nilipata muda wa kuingia bandani, kupekua viota, kuchukua yai dogo na jeupe kuliko yote niliyoyaona, na kutoka nalo likiwa bado na joto, wakati anaingia getini akijifunga kanga kiunoni.

"Lete nione."

Nikampa. Akalilaza kwenye kiganja. Akalipima kwa kulipandisha na kulishusha. Akalinusa. Mimi nilikuwa natazama ukuta.

"Baba," alisema taratibu, "hili yai limezaliwa kiwandani."

"Bibi—"

"Tembe wa kienyeji yai lake la kwanza ni kama jicho la mbuzi. Hili ni la kuku mkubwa wa kisasa, wa chakula cha mfuko, tena amechoka." Akanirudishia. "Wangu wako wangapi?"

Nilitaka kusema watatu. Mdomo ulikataa. "Wawili."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikalia ile ndoo yangu, akavua ndara moja akaanza kuikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mimi nilikaa miaka minne bila mtoto," alisema. "Miaka minne. Kila nikipika, mama mkwe anapita: huyu alikuja na kuku wake, wote wawili wanakula bure. Kila jirani akija. Kuku alishataga siku nyingi, ana vifaranga, yeye anasema vilevile. Nilipozaa wa kwanza nikadhani ataacha. Alisema, hee, hatimaye tembe ametaga. Alikufa anasema hivyo." Akaivaa ndara. "Huyu mtoto hana mama wa kumwambia mambo ya ukweni. Nilitaka tu asiwe na pa kuanzia kusemwa."

Nikamwambia yote pale pale. Mwezi, Igogo, mashudu, boksi la jikoni, kaburi nyuma ya choo. Sikuacha kitu. Aliposikia habari ya mwezi akainua uso.

"Baba yako si alikuwa mvuvi wa dagaa?"

"Ndiyo, bibi."

"Eeh." Akatikisa kichwa. "Basi tumekosa wote. Mimi mwenyewe nimetoka kisiwani na nimekaa naangalia mwezi huo juu ya ukuta kila jioni, nasema mzuri huo. Sikukukumbusha." Akainuka. "Zimebaki wiki mbili. Fanya unalojua. Siyo la picha. Lile unalojua."

Nilifikiri usiku kucha, na kulipokucha nilikuwa nimelipata, tena bila kufundishwa na mtu. Nikiwa na miaka minane au tisa, kazi yangu nyumbani ilikuwa vifaranga, na vifaranga nilivilisha mchwa. Unachukua chungu kilichovunjika shingo, unakijaza mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi, unalowesha kidogo, unatafuta mahali mchwa wanapopita, unachimbua kidogo na kukifunika hapo kichwa chini. Asubuhi, kabla ardhi haijapata joto, unakiinua kimejaa. Ukichelewa jua likakutangulia, wameshashuka chini wote, umebaki na mavi yako. Chuo kilikuja kunieleza baadaye kwamba mchwa ana protini ya kutosha kushindana na samaki. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo kwenye daftari bila kukumbuka kwamba mwandishi wake alishawahi kuwa mwajiriwa wa mchwa.

Sikutumia chungu kimoja. Nilikusanya makopo ishirini na sita ya rangi kutoka kwa mafundi wanaojenga Kiseke yote, maana huku hakuna siku watu hawajengi. Mavi ya ng'ombe nilipewa na mzee wa Kisukuma anayechunga upande wa mlimani. Aliniuliza nataka ya nini, nikamwambia, akasema kwao vifaranga walilishwa hivyohivyo, ila hakuwahi kumwona mtu mwenye viatu vya ngozi akiyabeba. Nikayapanga makopo kwenye viwanja vitupu vyenye vichuguu, nikayawekea alama za namba, nikaandika kila kopo limetoa kiasi gani. Kopo namba kumi na moja, karibu na mwamba mkubwa nyuma ya kanisa, lilikuwa bingwa. Nilionekana kila alfajiri nikishuka mlimani na ndoo mbili. Watu walisema mengi. Waseme. Niliwahi kubeba zaidi.

Mchwa peke yao hawawatoshi kuku mia mbili na hamsini, hilo nilikuwa mkweli nalo. Wakubwa nilichanganyia pumba, mahindi, mashudu ya alizeti kidogo niliyobakiza, mchicha pori aliouchuma mama na majani ya viazi. Maganda ya konokono niliyaokota ufukweni, nikayachoma na kuyaponda badala ya chokaa. Mchwa wengi walikwenda kwa tembe wawili, na wakubwa wakapata kionjo. Siku ya nne kudonoana kulikoma. Siku ya sita nilisikia tena bandani ile sauti ya kuku walioshiba, ambayo ni kama wanawake wanaozungumza wakichambua mchele. Dagaa waliporudi sokoni sikuacha mchwa. Mpaka leo makopo yangu yako mlimani, na yule mama wa Igogo akinipigia kunikumbusha mwezi namwambia asante, nilishaagiza mlimani.

Bibi alikuja kila asubuhi. Hakuita tena juu ya ukuta, aliingia getini, akachutama mbele ya wavu, akawatazama mabinti zake wakigombania mchwa. Kilemba cha yule mwekundu kilikuwa kinaiva. Ilipobaki wiki moja alianza kuzungukazunguka akitetea, akichungulia pembe za banda, akikaa kwenye kiota kisha akitoka kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Kesho," nikasema.

"Usiahidi," bibi akasema.

Kesho ikapita. Keshokutwa ikapita. Hayo ndiyo mambo ambayo hesabu haiyafikii: juma lile la mashudu lilikuwa limemrudisha nyuma, na mwili wa kuku hauchukui ratiba ya harusi. Ijumaa jioni bado. Jumamosi ndiyo siku ya kuondoka, kivuko kinaondoka asubuhi, na alfajiri nilikuwa nimepiga magoti kwenye kiota nikipapasa nyasi kavu mkono mzima. Hakukuwa na kitu.

Niliposimama nilimkuta bibi nyuma yangu, amevaa kitenge chake kipya, na bibi harusi yuko pembeni yake, kichwa kimefungwa kitambaa juu ya nywele zilizotengenezwa, miguuni viatu vya plastiki vya yebo.

"Hakuna?" bibi akauliza.

"Hakuna, bibi. Nisamehe." Nikamgeukia yule binti. "Dada, ni kosa langu. Niliwalisha nilichojua hakifai. Na mmoja alikufa, na nilimdanganya bibi yako."

"Nimeambiwa," alisema. "Na la yai la kiwandani nimeambiwa." Alikuwa anabana kicheko, nami nilistahili.

"Basi haendi," bibi akasema. "Utakwenda bila kuku. Tutasema ugonjwa. Kuku akipatikana nitamleta mwenyewe."

Binti akaingia bandani na yebo zake, akamkamata yule mwekundu kwa ustadi wa mtu aliyekua na kuku, akambana kwapani. "Bibi, na mimi nimeshataga?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Mimi mjukuu wako, nimeshataga?"

Bibi akashika mdomo. "Shetani wewe. Mbele ya watu!"

"Si sijataga? Basi twende wote wawili tukaanze pamoja. Nikichelewa mimi, atakuwa amechelewa na yeye. Watakuwa na wawili wa kusema, watachoka haraka."

"Watakusema, mwanangu. Hujui. Watakusema mpaka—"

"Bibi." Akamshika mkono kwa mkono wake ulio huru. "Shule nimeshapata kulekule. Saa moja na nusu niko darasani na watoto arobaini. Wakisema, watamsemea kuku. Mimi sipo."

Mama yangu alikuwa mlangoni mwa jiko, akaanza kucheka kwanza, kisha mimi, na bibi alikuwa wa mwisho. Alicheka huku machozi yanamtoka, akimpiga mjukuu wake begani kofi moja kwa kila pumzi. Baadaye akachana ukanda mwembamba kutoka pindo la kile kitenge kipya, akamfunga kuku miguu, taratibu, fundo la kufunguka kwa urahisi. Niliwapa mfuko wa mchanganyiko wangu wa kutosha mwezi mmoja, na nilisema maneno machache kuhusu maji safi na kivuli. Maneno yalikuwa mengi kidogo kuliko hayo. Binti aliitikia yote kwa adabu mpaka bibi akaniambia inatosha, kivuko hakisubiri wasomi.

Bibi alirudi baada ya harusi, na hatukusikia kitu kwa siku tisa. Bibi alikuja barazani kwetu kila jioni na simu yake ndogo ya tochi, anaiweka mezani, anaitazama. Hakuuliza juu ya tembe mweusi aliyebaki, ingawa yeye alianza kutaga siku ya nne baada ya harusi, na nilipompelekea lile yai alilipokea na kusema tu, "Vizuri." Mimi pia nilikuwa naitazama ile simu. Nilikuwa nimeshindwa mambo machache sana maishani mwangu, na moja kati ya hayo sasa lilikuwa linaishi ng'ambo ya maji, kwenye ua wa watu nisiowajua.

Jioni ya kumi ikalia. Bibi hajui kuweka sauti kubwa, nikamwekea mimi.

"Bibi, shikamoo. Ametaga!"

"Wapi?"

"Ndiyo nakwambia. Kwenye kapu la nguo za mama mkwe, zile zilizopigwa pasi za kanisani. Ameingia humo amelala juu ya kitenge chake cha kwaya."

Bibi akafumba macho. "Amesemaje?"

"Nilikuwa nakwenda kumtoa, nikaambiwa niache. Mama amesema asiguswe na mtu, kapu lihamie chumbani kwake paka asije. Jumapili amekwenda kanisani na nguo ya kawaida. Leo kuna mayai matatu."

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, bibi. Na amenifukuza mimi nisimsumbue kuku. Anasema nina kelele."

Salio likaisha, au mtandao wa kisiwani ukakata, sijui. Bibi alibaki ameishikilia simu kiganjani, kioo kimeshazimika. Mama akamsogezea kiti karibu. Kisha bibi akaiweka mezani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza kama humu ndani leo hakuna chai.